Tripodi ya kamera: mwongozo kamili wa kuichagua, kuisimamisha na kuitumia, pamoja na historia iliyoizaa

Kila anayepika kwa kuni anajua kwamba mafiga huwa matatu. Chungu kilichoinjikwa juu ya mafiga matatu hutulia hata pale ambapo sakafu ya jiko ina mabonde, kwa sababu nukta tatu, ziwe juu au chini kiasi gani, daima hukaa kwenye bapa moja. Ukiongeza la nne, chungu kitayumba mpaka uchimbe ardhi au upachike kijiwe chini yake. Wapima ardhi walitumia kanuni hiyo kusimamisha vyombo vyao kabla kamera haijazaliwa, na wapiga picha wa kwanza wakaichukua kama ilivyo. Kifaa hicho cha miguu mitatu, ambacho baadhi ya mafundi picha wetu hukiita stendi na wengine tripodi, ndicho ninachokieleza hapa, kuanzia asili yake hadi namna ya kukiosha ukitoka ufukweni.

Watu wengi hununua tripodi ili picha isitikisike, na hiyo ni sababu ya haki. Mimi naipenda kwa jambo pana zaidi, nalo ni kwamba huipa kamera muda. Mkono wa binadamu huweza kuituliza kamera kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, ilhali mwanga wa magharibi, wa taa za mtaani na wa nyota huja kidogo kidogo na unataka kukingwa kama maji ya mvua ya rasharasha. Karibu kila agizo lililomo katika mwongozo huu linatokana na haja hiyo.

Enzi ambazo picha ilihitaji saa nzima

Picha ya kamera ya kale zaidi iliyobaki hadi leo, ambayo Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga kutoka dirishani kwake huko Le Gras karibu na mwaka 1827, ilihitaji mwanga wa saa nyingi mfululizo, kiasi kwamba jua linaonekana limeangaza kuta za pande zote mbili za ua. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa lenzi ilibaki wazi kwa dakika kadhaa, kila aliyekuwa akitembea alifutika, akabaki mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, kwa sababu tutaitumia kama somo la vitendo huko mbele.

Katika studio za miaka iliyofuata, kamera ilisimama juu ya miguu mitatu na mtu anayepigwa picha naye akawekewa stendi yake ya chuma, iliyomshika kisogo ili asitikise kichwa. Sura kavu zisizo na tabasamu tunazoziona katika picha za enzi hizo zinatokana kwa sehemu na muda huo mrefu wa kukaa kimya.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupaka kioo dawa ya kolodioni, iliyopunguza muda hadi sekunde chache, ila kioo kililazimika kupakwa, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mpiga picha wa nje alilazimika kutembea na chumba chake cha giza. Mpiga picha Mwingereza Roger Fenton alikwenda kwenye vita vya Krimea mwaka 1855 na gari la farasi lililogeuzwa kuwa maabara, na katika picha zake hakuna mapigano, kwa kuwa vifaa vyake havikuweza kumnasa mtu anayekimbia. Mwaka 1861 Carleton Watkins alipanda bonde la Yosemite, California, akiwa na nyumbu waliobeba kamera iliyotumia vioo vya karibu inchi 18 kwa 22. Hakuna mkono unaoweza kuishika kamera ya namna hiyo. Picha zake zilifika Washington na kusaidia kuwashawishi viongozi, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi bonde hilo. Miamba ile ilionekana kwa undani uliowashangaza watu kwa sababu kamera ilitulia.

Pwani yetu nayo ilipata mafundi wake. Studio ya A. C. Gomes ilifanya kazi Zanzibar katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio mjini humo. Wakati huo tripodi ilikuwa imekwisha kupoteza ulazima wake wa zamani, kwa maana vioo vikavu vilivyoanzia kwa Richard Leach Maddox mwaka 1871, kamera ya Kodak ya mwaka 1888 na Leica ya mwaka 1925 vilimwezesha mtu kupiga picha akiwa ameishika kamera mkononi. Tangu hapo kuibeba tripodi kumekuwa uamuzi, na uamuzi huo hauna budi kuwa na sababu.

Hatua ya kwanza: kuichagua

Anza kwa kupima uzito wa kamera yako pamoja na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo, kisha tafuta tripodi iliyoandikwa kubeba mara mbili au tatu ya uzito huo. Kuhusu urefu, unaponyoosha miguu yote bila kuinua mhimili wa katikati, kamera inatakiwa ifike karibu na jicho lako. Mhimili huo ni mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu, na kadiri unavyouinua ndivyo unavyorudi kwenye udhaifu ulioukimbia. Ninauhesabu kuwa akiba ya dharura, wala si sehemu ya urefu.

Miguu ya alumini ni nafuu na huvumilia kugongwa. Ile ya nyuzi za kaboni ni myepesi na humeza mitetemo haraka zaidi, lakini bei yake ni kubwa na ikigongwa vibaya huweza kupasuka. Mguu wenye vipande vitatu ni imara kuliko wenye vinne au vitano vya unene uleule wa juu, kwa sababu kila kipande cha ziada ni chembamba zaidi na kila kifungo ni mahali pengine pa kulegea. Kwa kichwa, yaani sehemu inayoshika kamera, wapiga picha wengi hufaa na kichwa cha gololi, ambacho hulegezwa na kukazwa kwa kifundo kimoja. Wanaopiga video za harusi na mikutano wanahitaji kichwa cha mkono mrefu kinachogeuka polepole bila kukwama.

Skrubu zisikutie wasiwasi. Ile inayoingia chini ya kamera ni ya robo inchi karibu duniani kote, na ile inayounganisha kichwa na miguu kwa kawaida ni ya inchi 3/8, vipimo vilivyowekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222. Kichwa cha kampuni moja hukaa juu ya miguu ya kampuni nyingine, na tripodi nzito ya mtumba iliyotunzwa vizuri mara nyingi ni bora kuliko mpya nyepesi ya bei hiyohiyo.

Ukiwa dukani, ifungue yote, weka kiganja juu ya kichwa na ukandamize, kisha ujaribu kukisokota kushoto na kulia. Miguu ikipinda au kichwa kikicheza, irudishe. Jaribio la pili ni la thamani zaidi: funga kamera yako, washa kioo cha nyuma kinachoonyesha taswira, ikuze hadi mwisho, gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu sekunde mpaka taswira itulie. Liandike jibu, kwa kuwa utalihitaji katika hatua ya tatu.

Hatua ya pili: kuisimamisha

Kabla ya kufungua mguu hata mmoja, zunguka na kamera mkononi mpaka uipate picha. Tripodi iliyokwisha kusimamishwa humfanya mtu aridhike na mahali alipo, na kosa hilo hulifanya hata wazoefu. Chuchumaa, panda ngazi, sogea hatua tatu kushoto. Ukishaona picha unayoitaka, shika kamera palepale ilipo hewani na uilete tripodi chini yake.

Anza na vipande vinene vya juu, na vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Mguu mmoja uelekeze mbele, upande wa kile unachokipiga, ili miwili iliyobaki ikupe nafasi ya kusimama katikati yake bila kuipiga teke. Kwenye mteremko weka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu, ukiufupisha huo wa juu mpaka mhimili wa katikati usimame wima kama timazi ya mwashi. Hili ndilo linalopuuzwa zaidi: watu huacha miguu imeinama kisha wakainyoosha kamera kwa kichwa, picha ikawa sawa lakini uzito wote ukaegemea upande mmoja. Usawa utafutwe kwanza kwa miguu, ukitazama pimamaji ndogo iliyo kwenye tripodi, ndipo kichwa kimalizie.

Ardhi nayo ina tabia zake. Juu ya saruji na vigae, mpira wa chini ya mguu unatosha. Juu ya udongo na nyasi, sukuma kila mguu mpaka ugome. Juu ya mchanga wenye maji, miguu itaendelea kuzama polepole hata baada ya wewe kuondoa mkono, na mawimbi yakipita huchimba mchanga ulioizunguka. Niliwahi kupoteza jioni nzima ya picha kwa sababu hiyo: kila moja ilikuwa na ukungu mdogo usioonekana kwenye kioo cha kamera, nikaugundua nyumbani. Tangu siku hiyo huisukuma tripodi ndani ya mchanga kwa uzito wa mwili wangu, au huweka kipande cha ubao au kifuu cha nazi chini ya kila mguu, na kila wimbi linapopita hungoja kabla ya kubonyeza. Katika siku za bamvua maji hujaa kwa kasi. Simama mahali ambapo una njia ya kurudi nyuma.

Upepo wa kusi unapovuma, shusha tripodi badala ya kuipandisha, tanua miguu, na uning'inize mfuko wa vifaa au kiroba cha mchanga kwenye ndoano ya katikati. Hakikisha mzigo huo unagusa chini kidogo, maana ukiachwa uning'inie huru utapepea na kuitikisa kamera kuliko upepo wenyewe. Kwenye gati au daraja la mbao, kila anayepita hutetemesha ubao uliosimamia. Hapo dawa ni subira tu.

Fanya zoezi la kuifungua na kuifunga nyumbani, gizani, mpaka mikono iizoee. Tarehe 1 Novemba 1941 mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikuwa akiendesha gari jimboni New Mexico alipoona mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez na misalaba ya makaburini iking'aa kwa jua la mwisho. Alisimamisha kamera yake kubwa kwa haraka, hakukiona kipimo chake cha mwanga, akakadiria kwa kuwa aliujua mng'ao wa mwezi, akafungua lenzi kwa sekunde moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikwisha kuiacha misalaba. Picha hiyo ipo kwa sababu mikono yake haikuhitaji kufikiri.

Hatua ya tatu: kuondoa mtikisiko uliobaki

Kaza bamba, yaani kipande bapa kinachounganisha kamera na kichwa, chini ya kamera mpaka lisizunguke, na lenzi ikiwa ndefu yenye pete yake ya kufungia, funga tripodi kwenye pete hiyo ili uzito ukae katikati. Kisha usiiguse tena kamera wakati wa kupiga. Tumia rimoti au kipima muda cha kamera. Sekunde 2 hutosha kwa tripodi imara, lakini kama dukani ulihesabu sekunde 4, weka 10. Kamera yenye kioo cha ndani kinachoruka ina mpangilio wa kukiinua mapema, nao uutumie kwa muda wa kati ya takriban 1/30 ya sekunde na sekunde 1, ambapo mruko huo huharibu zaidi. Zima pia mfumo wa lenzi wa kutuliza mtikisiko, hasa kwenye lenzi za zamani, kwani ukikosa mtikisiko wa kuuzuia huweza kuuzua wenyewe. Mwenye simu atahitaji kibanio cha kuishika, na simu nyingi za kisasa zikihisi zimetulia kabisa huongeza zenyewe muda wa kukusanya mwanga usiku.

Hatua ya nne: kupiga magharibi

Chukua mfano wa Forodhani, Zanzibar, ambapo jua huzama baharini kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka. Katika latitudo zetu jua hushuka karibu wima, hivyo giza huingia upesi. Tangu jua kuzama mpaka rangi ya buluu ya anga kuwa nzito kuna dakika 20 na ushei, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako wakati wa kiangazi mpiga picha huweza kupewa saa nzima. Kwa hiyo tripodi iwe imesimama nusu saa kabla ya jua kuzama, na taswira iwe imekwisha kupangwa.

Weka ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, kwa kuwa ukiwa na muda huna sababu ya kuilazimisha kamera ikaleta chenga. Weka tundu la lenzi kwenye f/8, yaani uwazi wa wastani, lenga fokasi (ukali wa taswira) kwa mkono kwenye kitu chenye ukingo mkali, mfano mlingoti wa jahazi, kisha usiiguse tena. Kinachobadilika ni muda peke yake. Jua linapozama huenda ukahitaji 1/30 ya sekunde. Dakika 20 baadaye utahitaji sekunde 4 au zaidi. Piga moja kila dakika mbili, ukitazama kama taa zimeungua na kuwa madoa meupe. Kwa maoni yangu picha bora kabisa hupatikana pale mng'ao wa anga na wa taa za wauza vyakula unapolingana, na dakika hizo hazizidi tano. Wengi huwa wamekwisha kufunga mizigo yao, wakidhani kwamba jua likizama kazi imekwisha.

Majahazi yaliyotia nanga hayatatulia, kwani hucheza na mawimbi, nayo tripodi haina uwezo juu ya hilo. Yakikukera, rudi kwenye muda mfupi kwa kupandisha ISO kidogo. Na kabla ya yote, tripodi huvuta macho ya walinzi kuliko kamera ya mkononi, kwa hiyo karibu na bandari, majengo ya serikali na vituo vya ulinzi omba ruhusa kwanza.

Hatua ya tano: kuwatoa watu barabarani kama Daguerre

Hapa ndipo picha ya mwaka 1838 inapokuwa somo. Ukitaka kupiga mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ilhali wapita njia hawakatiki, ongeza muda mpaka wafutike. Mchana mwanga ni mwingi mno, hivyo unahitaji kichujio cheusi mbele ya lenzi. Hesabu yake ni rahisi: kila hatua moja ya kichujio huongeza muda mara mbili, kwa hiyo kichujio cha hatua 6 huuzidisha mara 64 na cha hatua 10 huuzidisha mara 1,024. Kama bila kichujio ulihitaji 1/60 ya sekunde, kwa hatua 10 utahitaji sekunde 17. Lenga fokasi na upange taswira kabla ya kukifunga, kwa sababu baada ya hapo hutaona kitu. Asiye na uwezo wa kununua kichujio huweza kujaribu kioo cha mchomelea vyuma. Kitaigeuza picha kuwa ya kijani, lakini ukiigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kasoro hiyo haionekani.

Sekunde 17 humfuta anayetembea, lakini humwacha nusunusu anayesimama kuzungumza. Basi mwombe mwenye nyumba asimame mlangoni, atulie kama yule mtu wa Paris, na ulimwengu wote umpite. Mzee akiegemea fremu ya mlango hutulia vizuri zaidi kuliko akisimama wima.

Hatua ya sita: nyota

Nenda mbali na taa, katika usiku usio na mwezi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na tripodi yako huzunguka nayo, kwa hiyo muda ukizidi nyota hugeuka kuwa vistari. Kanuni inayotumiwa sana ni kugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake: lenzi ya milimita 20 hupewa sekunde 25. Kwa kamera yenye kihisi kidogo, yaani ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5. Kwetu karibu na Ikweta nyota zinazopita utosini ndizo zenye mwendo mkubwa zaidi machoni pa kamera, hivyo mimi hugawa 300 badala ya 500. Anayetaka vistari kwa makusudi ajue kwamba ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota huizunguka, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho Zanzibar, na ile ya kaskazini haionekani kabisa. Ukielekea mashariki utapata vistari vinavyopanda karibu wima, umbo ambalo wapiga picha wa nchi za baridi hawalipati kwao.

Hatua ya saba: kuitunza

Maji ya chumvi huila tripodi kutoka ndani. Ukitoka baharini, usiikunje miguu kabla ya kuiosha, kwa sababu mchanga ulioshikamana na vipande vya chini utavutwa ndani ya vifungo na kuvikwaruza. Ioshe ikiwa imenyooshwa, kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huku ukifungua na kukaza kila kifungo ili maji yapite. Kichwa usikizamishe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu. Vifungo vya kuzungusha vikianza kukwaruza, vifungue kimoja kimoja, panga vipande vyake vya plastiki kwenye karatasi kwa mfuatano ulivyovitoa, sugua hesi kwa mswaki wa zamani, paka grisi kidogo na uvirudishe. Kisha isimamishe kivulini na miguu yote ikiwa wazi, vifungo vimelegezwa, ilale hivyo usiku kucha mpaka ikauke.